Kiwiko cha Taifa

Sheria Namba Moja ya nchi yetu inajulikana na kila mtu, hata na mtoto ambaye bado hajaota meno: ubaguzi haupo, na atakayeuona ataadhibiwa.

Ni sheria fupi, na katika ufupi wake ndimo ulimo uzuri wake. Zipo nchi zilizochapa vitabu vizito juu ya jambo hili, zikaunda tume na mabaraza, zikapeleka watu wao kusoma ng'ambo, na ubaguzi ukabaki palepale ulipokuwa. Sisi tuliumaliza kwa sentensi moja, siku ya Jumanne, kabla ya chai ya saa nne.

Adhabu yake nayo haina ukatili. Mkosaji husimamishwa sokoni juu ya kreti ya soda, hupakwa chokaa kwenye viwiko vyote viwili, na hutamka mara tatu, kwa sauti inayofika hadi kwa wauza samaki, neno moja: "Sijaona." Kisha hunyang'anywa kile kifaa anachokitegemea kuliko vyote katika kazi yake, ili apate muda wa kutafakari. Kinyozi hunyang'anywa mkasi, seremala randa, mpiga picha kamera. Ghala la Serikali limejaa vifaa hivyo mpaka mlango haufungi, na jambo hilo lenyewe ni ushahidi kwamba ubaguzi haupo.

Msomaji wa mbali atauliza: kwa nini viwiko?

Watu wa nchi yetu wana rangi moja, lugha moja na mapishi yaleyale ya maharagwe. Hali hii iliwatia waasisi wetu wasiwasi mkubwa, kwa maana walijiuliza taifa litasimamaje ikiwa hakuna mtu wa kumdharau. Walichunguza pua, wakachunguza vidole vya miguu, na hatimaye, baada ya vikao kumi na vinne, waligundua kiwiko, pale mkono unapokunjika. Wako watu ambao ngozi yao pale ni laini na nyepesi; hao wakaitwa Laini. Na wako ambao ngozi yao pale ni nyeusi na ngumu. Hao wakaitwa Sugu. Uzuri wa ugunduzi huu ni kwamba mtu hawezi kukiona vizuri kiwiko chake mwenyewe, hivyo hulazimika kuambiwa na Serikali.

Laini hupita mlango wa mbele. Sugu hupita mlango wa nyuma. Laini hukalia viti vyenye maegemeo, Sugu hukalia mabenchi. Huu si ubaguzi. Unaitwa mpangilio, na umeandikwa kwa rangi ya buluu juu ya kila mlango.

*

Msimamizi wa mpangilio huo alikuwa Bwana Theofilo Kasanzu, Mkaguzi Mkuu wa Viwiko. Miaka ishirini na miwili iliyopita, alipokuwa karani kijana aliyetoka shuleni juzi, kiwiko chake cha kulia kilichaguliwa kati ya viwiko elfu sita kuwa Kiwiko cha Taifa, yaani kipimo ambacho kwacho viwiko vingine vyote hupimwa. Picha yake ilichorwa kwenye stempu. Watoto wa shule hukiimbia wimbo kila Ijumaa, beti nne na kiitikio.

Tangu siku hiyo Bwana Kasanzu hakukionesha tena hadharani. Alivaa koti zito la sufu, masika na kiangazi, akisema kwamba kitu cha heshima namna ile hakianikwi kama dagaa. Nami nakiri kwamba alikuwa mchapakazi. Alifika ofisini saa moja na nusu, akaketi mbele ya meza yake ya mninga, akaegemeza viwiko vyote viwili juu ya ubao, akashika mashavu, na akakaa hivyo mpaka saa kumi, akifikiri juu ya viwiko vya wengine.

Koti lake, kwa sababu asiyoijua, lilikuwa likitoboka mara kwa mara mahali palepale pawili. Alilipeleka kwa fundi, akaletewa likiwa na kiraka, na akaendelea kufikiri.

Fundi huyo aliitwa Agripina. Alikuwa na chumba kimoja karibu na posta, pamoja na mumewe Nikodemo Lugaza, fundi saa. Agripina alishona kwa cherehani ya mkono aliyorithi kwa mama yake, na cherehani hiyo ndiyo iliyolisha vinywa saba, kwa maana siku hizi watu hutazama saa kwenye simu na mafundi saa wanakula kwa zamu. Nikodemo alikuwa Sugu. Ndivyo walivyo mafundi saa wote, kwa kuwa hakuna atakayeshika gurudumu dogo kama punje ya ulezi bila kutuliza viwiko juu ya meza. Lakini hayo ni mambo ya ufundi, na Idara ya Viwiko haikuwa na kitengo cha ufundi.

*

Yaliyotokea yalianza na saa ya posta. Ilikuwa imesimama saa tatu kasoro kwa muda wa mwaka mzima, na watumishi wote walikuwa wakifika kazini kwa wakati. Mkurugenzi wa posta alipochoshwa na uhodari huo alimwita Nikodemo. Kwa bahati mbaya saa ile imetundikwa juu ya mlango wa mbele, na Nikodemo, baada ya kupekua akili yake yote, hakupata njia ya kuifikia kutoka mlango wa nyuma. Akapanda ngazi mbele ya watu wote, mikono ya shati ameikunja, akaishusha saa aende kuitengeneza nyumbani.

Kesho yake walimjia Vijana wa Kiwiko Safi.

Chama hiki ni cha vijana watupu. Mwenyekiti wake, Zakayo Mbaruku, alikuwa kijana wa miaka sitini na tisa, na makamu wake alikuwa kijana aliyestaafu mara mbili. Wana siasa kali sana. Wanaamini kwamba Sugu wote walifika nchini juzi, ingawa hawakubaliani walifika kutoka wapi, na wamewahi kupigana wenyewe kwa wenyewe juu ya suala hilo mpaka wakamaliza viti vya ukumbi.

Nisieleweke vibaya: nchi yetu hairuhusu ghasia ovyo. Yeyote anayetaka kufanya ghasia hujaza Fomu ya Ghasia katika nakala tatu, akitaja idadi ya mawe, uzito wa kila jiwe, sababu ya hasira, na saa ambayo hasira hiyo inatarajiwa kwisha. Zakayo alikuwa amejaza vizuri, na muhuri ulikuwa umepigwa. Waliingia chumbani kwa mafundi hao wawili, saa tano kamili, wakiwa wanane, wakihema kwa sababu ya kilima cha kupandia posta.

"Shikamooni, wazee," alisema Nikodemo, akisimama.

Zakayo alisita. Alikuwa mtu aliyelelewa vyema.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibuni viti."

"Hatukai, tuna kazi," alisema Zakayo. "Vua miwani."

"Ya nini, mzee?"

"Ya kuona ndiyo ya kuvua. Itavunjika bure, na fomu haikutaja miwani."

Nikodemo akavua miwani. Walimpiga kwa dakika kumi na mbili, kama ilivyoandikwa, wakimvunja kifundo cha mkono wa kulia na kumng'oa meno mawili, na katika dakika ya mwisho, kwa kuwa walikuwa wamebakiwa na mawe matatu ambayo sheria haikuruhusu kuyarudisha, waliivunja miguu ya meza ya Agripina. Cherehani ikaanguka sakafuni. Agripina aliikumbatia kabla ya kumshika mumewe, kisha akaona aibu, akamshika mumewe.

"Mama, pole sana," alisema Zakayo mlangoni, akimpa karatasi. "Tia sahihi hapa, kwamba huduma umeipokea."

Jioni Serikali ilitoa taarifa. Ilisema kwamba vijana walimtembelea fundi saa kwa moyo wa udugu, na kwamba katika mazungumzo hayo fundi saa aliigonga meza kwa uso wake.

*

Wiki hiyohiyo lilifanyika Zoezi la Kupima Maoni ya Wananchi kuhusu Ubaguzi, kwa kuwa wageni kutoka ng'ambo walitazamiwa, na wageni hao hupenda sana takwimu. Karani wa takwimu, Bwana Elifasi, mtu mwembamba mwenye hati nzuri ajabu, alizunguka nyumba kwa nyumba na dodoso lenye swali moja: "Je, umewahi kuona ubaguzi?" Majibu yalikuwa matatu, mhojiwa achague kwa hiari yake: Hapana; Hapana kabisa; Hapana, na ninamshangaa anayeuliza.

Lakini mwaka ule palikuwa na jambo jipya. Mshauri mmoja alikuwa ameliambia Baraza kwamba takwimu isiyo na doa haiaminiki ng'ambo. Baraza likakaa, likatoka na azimio: mwishoni mwa daftari zima la taifa la majibu hayo uachwe mstari mmoja kwa ajili ya mtu mmoja aliyeona ubaguzi. Mmoja tu. Elifasi alikuwa ameuchora kwa rula, na alitarajia ubaki mtupu, kama kile kiti cha nabii wanachokiacha watu wa dini fulani kwenye karamu zao.

Alimkuta Agripina ameketi sakafuni, cherehani juu ya ndoo iliyopinduliwa, anashona kwa mkono mmoja na kuishikilia ndoo kwa magoti.

"Bibie, chagua jibu."

"Nipe kalamu." Agripina alisoma, kisha akaandika pembeni, kwa herufi kubwa: NDIYO.

Elifasi alitazama karatasi kama mtu aliyemwagiwa mchuzi.

"Mama, hakuna nafasi ya Ndiyo."

"Nimeitengeneza."

"Nakuomba kama dada yangu. Watachukua cherehani. Sema Hapana, ya kwanza tu, ile fupi. Haina uchungu."

"Bwana Elifasi, mtazame yule," alisema Agripina. Nikodemo alikuwa kitandani, mkono umefungwa kwa vipande viwili vya rula ya shule. "Nikisema sijaona, nitakuwa nimemwambia mume wangu kwamba aliigonga meza kwa uso."

"Na uso wenyewe nauhitaji," alisema Nikodemo kutoka kitandani, kwa shida, kwa sababu ya yale meno.

Elifasi aliondoka na dodoso, lakini ule mstari aliuacha mtupu mpaka hukumu itoke. Kesho yake askari walikuja na kibandiko, wakakifunga kwenye gurudumu la cherehani: KIDHIBITI. Wakaibeba, wakaacha ndoo.

*

Kesi ilisikilizwa sokoni, hadharani, kama sheria inavyotaka. Kwa kuwa nchi yetu inabana matumizi, Bwana Kasanzu alikuwa hakimu, mwendesha mashtaka na shahidi mtaalamu. Viliwekwa viti vitatu, na alihama kwa heshima kutoka kimoja kwenda kingine, akijiinamia kila alipojipita. Meza yake ya mninga ilikuwa imebebwa na watu sita kutoka ofisini, maana bila ya kuiegemea hakuweza kufikiri. Vijana wa Kiwiko Safi walikaa mbele, kwenye viti vyenye maegemeo, fomu mpya mfukoni endapo haki isingetendeka.

"Mshtakiwa," alisema Bwana Kasanzu kutoka kiti cha mashtaka, "unadai kwamba ulimwona ubaguzi. Ana urefu gani?"

"Sijui urefu wake."

"Alivaa nini?"

"Alivaa makoti manane, na mkononi alikuwa na fomu."

Watu walicheka. Bwana Kasanzu akahamia kiti cha hakimu, akawanyamazisha, akarudi.

"Mama, wale walikuwa vijana wetu. Walikirekebisha kiwiko kisicholingana na kipimo. Je, kiwiko cha mumeo kinalingana na kipimo?"

"Sijui, Bwana Mkaguzi. Kipimo sijakiona. Wewe umekiona?"

"Mimi ndiye niliye nacho!"

"Kukiona, nimesema. Kiko nyuma ya mkono wako."

Agripina akageuka. "Bwana Elifasi, nisomee Sheria ya Vipimo, kifungu cha nne."

Elifasi, aliyekuwa akiandika mwenendo wa kesi, alipekua kitabu. "'Hakuna kiwiko kitakachohukumiwa,'" alisoma, "'kabla ya kulinganishwa na Kiwiko cha Taifa, ngozi kwa ngozi, mbele ya watu.'"

"Basi nadai mlingano," alisema Agripina. "Mume wangu yuko hapa. Mimi ni fundi, Bwana Mkaguzi. Koti lako nimelitia viraka mara tatu, mahali palepale, na mara ya mwisho nililitia ngozi ya mbuzi. Nataka kujua ni kitu gani humo ndani kinachokula sufu."

Mtu mwingine angekataa. Lakini miaka ishirini na miwili ya wimbo wa Ijumaa humpa mtu imani kubwa. Bwana Kasanzu alisimama, akafungua vifungo kimoja kimoja, akakunja mkono wa shati, akakiinua Kiwiko cha Taifa juu ya soko zima kama padri anavyoinua kitabu.

Kilikuwa cheusi kama masizi ya sufuria la bweni. Ngozi ilikuwa imekunjamana, imepasuka, na katikati palikuwa na ugumu wa mviringo unaong'aa, kama kisigino cha kiatu cha askari.

Nikodemo akasogea, akakiweka cha kwake kando. Chake kilikuwa cheupe zaidi kidogo.

Watu mia nne walikuwa wanatii Sheria Namba Moja kwa wakati mmoja, na utii huo ulikuwa na kishindo chake. Mwanamke mmoja muuza samaki alijiziba macho kwa kambale.

Ndipo Zakayo, ambaye macho yake si mazuri, alipochungulia na kumwuliza jirani yake kwa sauti ya kiziwi: "Nani kamweka Sugu kwenye kiti cha hakimu?"

"Ni Mkaguzi Mkuu, Mwenyekiti."

"Mkaguzi ni Laini. Yule ni Sugu. Leta fomu!"

Alijaza palepale, juu ya mgongo wa makamu wake. Vijana wanane wakainuka, magoti yakialika, wakamsogelea Bwana Kasanzu, naye akarudi nyuma mpaka akaikuta meza.

"Shikamoo, Mzee Zakayo," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Vua miwani."

"Mzee, ni mimi! Theofilo! Nilikupigia muhuri wiki iliyopita!"

"Muhuri tunaushukuru. Vua miwani."

"Lakini nimekosa nini? Ni ngozi tu! Ngozi ya mahali padogo! Mtu anapigwaje kwa sababu ya ngozi?" Sauti yake ilipanda, ikafika kwa wauza samaki na kuwapita. "Mnanionea! Huu ni ubaguzi!"

Soko zima lilivuta pumzi.

Elifasi alichovya kalamu. "Bwana Mkaguzi," aliuliza kwa adabu, "umeuona?"

"Nimeuona! Huu hapa mbele yangu, wako wanane!"

Elifasi akalifungua daftari la taifa kwenye ukurasa wa mwisho, akaliandika jina la Theofilo Kasanzu juu ya ule mstari mmoja, kwa hati nzuri, akalipulizia likauke.

*

Hukumu haikuchukua muda. Bwana Kasanzu alijaribu kujiachilia huru kutoka kiti cha hakimu, lakini alikumbushwa kwamba kwenye kiti cha shahidi alikuwa amekwisha kiri, na kwenye kiti cha mashtaka alikuwa hajawahi kushindwa kesi. Vijana wakayatua mawe yao, kwa kuwa mtu aliyekwisha hukumiwa haadhibiwi mara mbili. Zakayo alisema alihisi kizunguzungu, akaomba apelekwe mtu nyumbani kwake amtazame mke wake viwiko, kisha akasema basi, asimtazame.

Agripina hakutoka kizimbani.

"Na mimi bado nimeona," alisema.

"Nafasi imejaa, mama," alijibu Elifasi.

"Niandike chini yake."

"Chini yake hakuna kitu. Mstari ulikuwa mmoja, na azimio ni azimio. Wewe hapa umehesabiwa Hapana, ile fupi." Alimtazama, akashusha sauti. "Nenda kachukue cherehani yako, dada. Kibandiko nimekwisha kikata."

"Sikusema Hapana."

"Najua hukusema. Nilikusikia. Hata mimi nimeona," alisema Elifasi, na alipotambua alichosema alitazama daftari haraka, akashukuru Mungu kwamba limejaa. Nyuma yake mwanamke wa kambale akasema hata yeye ameona. Na mwuza mkaa akasema ameona tangu mwaka wa mafuriko. Waliendelea kusema hivyo mpaka adhuhuri, wakipanga foleni moja, kwa kuwa hapakuwa tena na sheria ya kuwaadhibu ikiwa hapakuwa na mstari wa kuwaandika.

Jumatatu iliyofuata Bwana Kasanzu alisimama juu ya kreti. Chokaa alipakwa na Nikodemo, kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka kwenye mipasuko. Alitamka "Sijaona" mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili alikohoa kidogo. Mara ya tatu wauza samaki walipaza sauti kwamba hawakusikia, ikabidi arudie, na akarudia, kwa sauti safi, machozi yakimtoka. Hivyo adhabu ilitekelezwa kwa ukamilifu.

Ilibaki kumnyang'anya kile alichokitegemea kuliko vyote. Watu sita waliibeba meza ya mninga hadi Ghala la Serikali, wakakuta haliingii hata kijiko, wakarudi nayo wakihema. Elifasi alipekua kanuni, akaona zinasema kifaa kihifadhiwe mahali pa karibu penye nafasi. Chumba cha karibu kilichokosa meza kilikuwa kimoja.

Iko pale mpaka leo. Upande mmoja imekaa cherehani ya Agripina. Upande wa pili ubao una mashimo mawili, yaliyochimbwa kwa miaka ishirini na miwili ya kufikiri, laini kama bakuli. Mkono ulipopona, Nikodemo aliketi mbele ya mashimo hayo na saa ya posta, akaviweka viwiko vyake ndani, nayo yakamtosha sawasawa, kana kwamba fundi seremala alimpima.

Nilikuwapo nikatazama kwa makini. Kwa kuitii Sheria Namba Moja, naandika kwamba sikuona tofauti yoyote.